Vigae Vilivyotoka na Maji

Insaf Diyab hakujua kusoma, lakini ukimpa kigae cha chungu akakipapasa ukingoni kwa kidole gumba, alikuambia kimetoka tabaka gani la ardhi. Kwa miaka ishirini na sita aliosha na kuunganisha vigae katika nyumba ya watafiti, upande wa magharibi wa Nile, nami nilikaa meza ya jirani nikivichora. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye ulimi mkali. Wachimbaji wakimletea makapu yenye vigae vya matabaka yaliyochanganywa, aliwatukana mpaka baba zao. Na Daktari Mervat, mkuu wetu kutoka Kairo, akikwama mbele ya kigae alisema tu, "Mpeni Insaf."

Kijiji chetu kimekaa juu ya vijiji vingine, kimoja juu ya kingine. Kwa hiyo asubuhi moja ya mwezi wa pili, Insaf alipofungua kitambaa na kunionyesha vigae vitano alivyookota jalalani kando ya mfereji, sikushtuka.

"Tazama udongo wake," akasema. "Mbichi. Havijapigwa jua hata siku mbili."

Vilikuwa na mifuo kama mbavu za mbuzi, vyungu vya enzi ya watawa wa Kikristo. "Mtu anachimba choo," nikasema.

"Labda."

Baada ya wiki mbili akaleta vingine, vyenye maua ya buluu, vya zama za wafalme waliotangulia watawa hao kwa karibu miaka elfu mbili. Akavipanga mezani, akavitazama kwa muda mrefu bila kuvigusa.

"Hiki si choo," akasema. "Wanashuka wima, na hawajali wanavunja nini."

Hakuniambia yote. Vigae vile vilitupwa pamoja na gunia la pumba lililoshonwa mdomo kwa uzi wa kijani, na mshono ule aliutambua. Ulikuwa wa Rawhiya, mke wa kaka yake Shazli.

Daktari Mervat alipoviona vile vya buluu, akavua miwani. "Hivi si vya uchimbaji wetu. Vimetoka nyumba ya nani, Insaf?"

"Nimeviokota jalalani, Daktari."

"Nimeuliza nyumba."

"Jalala halina mlango," Insaf akajibu, akainamia beseni lake.

Sote tulijua sheria. Anayechimba mali ya kale chini ya nyumba yake hufungwa miaka mingi. Insaf akaendelea kuosha, lakini tangu siku hiyo hakumtukana mtu.

Jumatatu moja mwezi uliofuata, alinijia akiwa ameshika vipande vinene, vizito, vya vyungu ambavyo watu wa kale kabisa walivitumia kuokea mikate. Vilikuwa vikidondosha tope jeusi.

"Wamefika kwenye maji," akasema. "Nisindikize. Nikienda peke yangu nitampiga kaka yangu."

Shazli alitupokea zizini. Ng'ombe hakuwepo. Pale aliposimama siku zote palifunikwa mbao, na kwenye nyufa za mbao ulipanda ubaridi ulionigusa miguuni. Chini kabisa nilisikia mtu akikohoa. Pampu ilikuwa ikinguruma.

"Karibu, binti wa baba yangu," Shazli akasema. "Umekuja kuniosha na mimi?"

Insaf akamtupia kigae kifuani. "Unavuta maji chini ya ukuta wa udongo! Unajua maji yakitoka yanaondoka na nini?"

"Shehe wa hazina amesoma dua, ameona mlango wa kaburi huko chini. Zimebaki mita mbili tu."

"Shehe wako analala wapi? Si mjini Sohag? Basi mwambie aje alale hapa."

"Maisha yako yote umewabebea wageni vyungu vilivyovunjika," Shazli akasema, sasa bila kucheka. "Umepata nini? Niache na mimi nitafute changu."

Tulipotoka, Rawhiya alituita darini. Alikuwa ameanika mkate wa jua, madonge ya unga juu ya sahani za udongo, yaumuke. Yote yalikuwa yametelezea upande mmoja.

"Juzi dari haikuwa imeinama hivi," akasema kwa sauti ya chini. "Wifi, nikimwambia ananiona mwoga."

Insaf alishuka, akaenda moja kwa moja hadi kwa Daktari Mervat.

"Nyumba ni ya kaka yangu," akasema. "Piga simu."

Simu ikapigwa. Polisi wangechukua saa nzima kufika, na Insaf hakusubiri. Alirudi mbio, nami nikimfuata, akawatoa Rawhiya na watoto wanne, kisha akapita mlango kwa mlango akigonga kwa viatu vyake. Shazli akatokea uani.

"Kuna nini?"

"Serikali inakuja. Toka, mwana wa mama yangu. Watoe na watu wako."

Nilimwona akifikiri. Vibarua wake wawili walikuwa wameshapanda na kukimbia. Angeweza kuja uchochoroni alipokuwa mkewe. Badala yake alisema, "Basi acha nitazame mara moja tu," akashuka shimoni.

Hapakuwa na kishindo kama nilivyodhani. Ukuta wa zizi ulipiga magoti, kisha dari ikaufuata na mikate yake, kisha nyumba ya jirani ikapasuka toka juu mpaka chini. Vumbi lilipotulia, pampu ilikuwa imenyamaza.

Walimtoa siku ya tatu. Hakukuwa na mlango kule chini, wala chumba, ila tope na vyungu.

Uchochoroni wapo wanaosema Insaf alimuuza kaka yake: asingetamka serikali, Shazli asingeshuka. Wengine husema watu kumi na saba wanapumua kwa sababu yake. Yeye mwenyewe nilimsikia akilitaja jambo hilo mara moja tu: "Ningesema siku ya vile vya buluu."

Alirudi kazini baada ya arobaini. Rawhiya na watoto wanaishi kwake, kwa kuwa hawana kwingine. Wanakula sinia moja. Rawhiya humsogezea mkate, huwaambia watoto wambusu shangazi yao mkono. Lakini Rawhiya hajamwita wifi tena, na mwaka wa pili huu unaisha.