Kafi la Kitenge Lililolipwa Mara Mbili

Kafi la Kitenge, mvushaji wa watu, limevunjika, na Mto Lualaba umejaa. Bila kafi hawezi kuvusha mtu, na asipovusha mtu, nyumbani kwake Kapata hawali. Fundi aliyekuwa akimchongea amefukuzwa Kolwezi.

Asubuhi hii ya Aprili 1993 Kitenge amesimama sokoni Musonoi, mbele ya makafi yaliyoegemezwa ukutani. Redio yake iko kwapani; ndiyo atakayobadilishana, maana noti za siku hizi hakuna anayezitaka. Kitenge hayaamini makafi hayo. Muuzaji, Polycarpe, ndiye hamwamini kabisa.

"Tata, chagula! Yote iko nguvu."

"Kama yote iko nguvu, juu ya nini uliyapakaa mafuta?"

Kitenge, mwenye miaka 46, anachovya kitambaa kwenye majivu na kusugua shingo ya kafi la kwanza, pale mpini unapokutana na bapa. Mawese yanatoka, ufa unajitokeza, mwembamba kama unywele. Analirudisha. La pili linamfika kidevuni. Yeye hupiga kafi akiwa wima, na kafi la msimamaji sharti limpite kichwa. La tatu analigonga kwa kifundo cha kidole. Linalia kama debe tupu.

"Iyi iko na badudu ndani."

"Tata, unatafuta kafi ao unatafuta bibi?" Wauza mihogo wanaangua kicheko.

"Bibi akikudanganya, unarudia kwa mama yako. Kafi ikikudanganya, ni mamba anakuzika."

Kitenge alikuwa fundi wa mashine mgodini kwa miaka kumi na tisa, hadi mshahara ulipoacha kuja. Sasa anaishi kwa mtumbwi, ambao zamani ulikuwa kazi ya siku za mapumziko tu. Wiki ikiwa nzuri huvusha watu themanini, na mizigo yao ya mihogo na makaa.

Wapiga kafi wa kivuko chake wana sheria moja: aliyelichonga kafi ndiye abiria wake wa kwanza. Hukaa mbele, wakavuka, wakarudi. Kabongo, fundi wa Kitenge kwa miaka tisa, hakujua kuogelea, lakini alipanda kila mara, ameshika kingo mbili na kuimba nyimbo za kanisa.

Februari, Kitenge alimpelekea gunia la unga, malipo ya kafi jipya. Kisha watu wenye asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa, na Kabongo ni mmoja wao. Familia zao zikalala stesheni kungoja treni. Kafi halikuja. Kitenge akaamini ameliwa unga wake.

"Enda umuage," mkewe Odile alimwambia. "Muntu mwenye mulijuana myaka tisa!"

"Mwizi haagwi," akajibu.

Sasa anashika kafi la nne, na vidole vinaingia mahali pavyo. Kitenge hana kidole cha kati mkono wa kulia, mashine ilikikata. Mpini huu umechongwa kwa ajili ya mkono huo huo, na pale penye pengo fundi ameacha kinundu cha kujazia. Ni kafi lake, lile la gunia la unga.

"Ni wewe ulichonga?"

"Mi mwenyewe."

"Basi twende ku mto. Utaikala mbele."

Polycarpe anatazama pembeni. "Kazi yangu ni kuuzisha, haiko kupanda."

"Ulipata wapi iyi kafi?"

"Mu nyumba yenye haina muntu." Kisha anasogea karibu. "Juu ya nini unauliza? Uko ndugu ya bale ba Kasai?"

Wauza mihogo wameacha kucheka. Kitenge anajua swali hilo limetoa wangapi majumbani mwao mwaka huu. Anaweka redio chini, anachukua kafi.

"Ningemnyang'anya, bale ba kufukuza bantu bangekuja kwangu," anajiambia njiani.

Kivukoni abiria wanamngoja, lakini hampakii yeyote. Anavuka peke yake, nafasi ya mbele ikiwa tupu, anarudi peke yake. Kafi halipindi wala halilii.

Kesho ataanza kuvusha watu. Jumamosi kuna mfanyakazi wa reli anayekwenda Mwene-Ditu, kule Kasai walikopelekwa waliofukuzwa, na Kitenge atamwomba amtafute Kabongo na kumpa salamu: "Umwambie kafi ilinifikia. Na kama bantu batatulia, arudie, nafasi ya mbele ni yake."

Kafi hilo limemgharimu gunia moja la unga, alilompa Kabongo kwa haki. Limemgharimu redio moja, iliyobaki kwa Polycarpe. Na mwendo wa saa mbili kwa mguu, kutoka Kapata hadi stesheni, ambao hakuutembea kwenda kumuaga.