Kengele ya Shikamoo

Miaka ile ya Ujamaa nilipelekwa kufundisha karibu na Vuga. Nilitoka Tanga na baiskeli na kiburi. Kiburi kiliisha kwanza, maana kwenye milima ile baiskeli husukumwa, haipandwi. Nikaing'oa kengele yake, nikampa binti mmoja wa darasa la kwanza.

Binti huyo hakuwa akisema neno hata moja. Siku hizi hali yake ina jina. Sisi tulisema tu ana dunia yake. Mwalimu mkuu alimruhusu akae darasani, ila alikataa kumwandika kwenye rejista.

"Mtoto asiyeamkia utamfundisha nini?" aliniuliza.

Kule milimani, heri uibe ndizi kuliko kumpita mkubwa bila shikamoo. Basi nikaifunga kengele kwenye kibao, binti akakivaa shingoni. Krin moja, shikamoo. Wiki mbili hazikupita, kijiji kizima kikawa kinamwitikia. Ukikawia kumjibu alipiga tena, na tena, mpaka uone aibu. Mwalimu mkuu alizoea mno, akisikia krin hata hageuki.

Ndipo akaja mkaguzi, mzee wa mvi, kuamua kama binti aandikwe au arudishwe nyumbani. Alikuja na baiskeli. Alipofika mlangoni akapiga kengele.

"Marahaba, mwanangu!" akaitikia mwalimu mkuu, uso ubaoni.

Mzee akavimba kama andazi. Mwalimu mkuu kugeuka, chaki ikamdondoka.

"Shi... shikamoo, Ndugu Mkaguzi!"

Hakujibiwa. Niliogopa kweli, maana nilijua hasira ile itamwangukia nani.

Binti akamsogelea mzee. Krin. Mzee akampa mgongo. Akaenda ofisini, binti nyuma yake. Akakagua kabichi za shamba la shule, krin, krin. Mwisho akakimbilia chooni, akajifungia. Binti akasimama nje ya mlango, bila haraka, akapiga.

"Marahaba!" sauti ikatoka ndani. "Marahaba, mjukuu wangu! Niache sasa!"

Binti akageuka, akarudi zake darasani.

Mkaguzi alitoka akicheka mpaka machozi. "Mwandike," akamwambia mwalimu mkuu. "Huyu kakushinda adabu."

Kesho yake jina la binti likaitwa kwa mara ya kwanza. Krin.

"Marahaba," akajibu mwalimu mkuu, kalamu mkononi.

Darasa zima tukaangua kicheko. Binti hakucheka. Alibaki amesimama, akimtazama mwalimu mpaka alipoweka alama kwenye rejista, ndipo akaketi.