Matundu ya Sanduku la Mayai

Harufu ya pamba iliyoungulia kidogo, ikichanganyika na mafuta ya taa, hunisimamisha popote inaponikuta. Hivi karibuni ilinikuta dukani Nyalikungu, muuzaji alipokuwa akifuta chemli kwa bonge la pamba. Nikaondoka bila kununua nilichokifuata. Mimi siamini habari za mizimu, nanyi wasomaji wangu msinihesabu miongoni mwa wanaozisimulia. Lakini harufu hiyo inapopita, mimi huwasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda.

Nilikulia Bariadi, katika miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, mitumba ikajaa mnadani, na baba, aliyekuwa karani wa ghala la pamba hadi ghala lilipofungwa, akatangaza kwamba atafuga kuku wa kizungu. Mayai aliyaagiza Mwanza. Yalifika kwa basi, yamefukiwa katika pumba za mpunga ndani ya boksi, na kondakta akalishusha kama anayeshusha gunia la viazi. Baba alifumba macho.

Hakuyaweka kwenye joto siku hiyo. Alitueleza kwamba yai lililosafiri limevurugika ndani, nalo hupumzishwa kwanza, ncha nyembamba ikiwa chini, kama mgeni anavyopewa kigoda kabla ya kuulizwa habari. Yaliyopata ufa tuliyala.

Sanduku lilichongwa na fundi wa vitanda. Chini palikaa chemli, juu yake bati, juu ya bati mchanga, juu ya mchanga pamba ya shambani kwetu, na juu ya pamba mayai, kila moja likiwa na alama ya mkaa upande mmoja ili tujue lililokwisha kugeuzwa. Kopo la maji lilikaa pembeni. Ubavuni fundi alitoboa matundu.

Jirani yetu, Mayu Nyanzobe, alikuwa mjane asiye na mtoto aliye hai. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miti ya pamba aliyoipikia miaka yote. Yeyote aliyekaa jikoni mwake alitoka analia. Kwetu, ajuza mwenye macho ya namna hiyo alinong'onwa kuwa mchawi, na wapo waliouawa kwa mnong'ono huo tu. Mama hakujali. Kila alasiri Mayu Nyanzobe alikuja, wakasalimiana kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," kisha akaliinamia sanduku.

"Mgonjwa wenu anaendeleaje?" aliuliza. "Nimeona mengi, lakini mtoto wa chemli sijamwona. Akikua atamwita nani mama?"

Mama alicheka hadi akashika mbavu.

Vifaranga walianza kulia baba akiwa safarini Mwanza kutafuta chakula chao. Mayu Nyanzobe aliweka sikio kwenye mbao, uso ukamng'aa kama wa msichana. "Wanapiga hodi! Wajibuni basi, msiwe na kiburi."

Shangazi Minza, dada yake baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Shishiyu. Alingoja jirani atoke.

"Wifi, unamwacha yule ayainamie?"

"Anasikiliza tu."

"Anasikiliza! Na macho yale? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Alichota pamba, akaishindilia katika matundu yote kwa mpini wa kijiko. "Hapa jicho halipiti," alisema. Mama alikunja uso, lakini hakumzuia wifi yake. Kuta za sanduku zikawa na vidoa vyeupe, kama mgonjwa aliyezibwa pua na masikio.

Jioni ile vilio vilikuwa vingi. Asubuhi vilipungua. Baba aliposhuka kwenye basi na gunia begani, sandukuni mlikuwa kimya.

Alifunua. Vifaranga walikuwa wamekamilika, wenye manyoya na kucha, midomo imechungulia katika nyufa, wamelowa, kama watu waliosinzia mlangoni. Shangazi alipiga yowe, majirani wakajaa uani, na jina likatajwa kabla hajatajwa Mungu. "Nani alikuwa anainama hapa kila siku?" mmoja aliuliza, ilhali wote walijua.

Baba alikuwa amepiga magoti, amewapa mgongo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa sanduku. Nilimwona akichomoa pamba tunduni, bonge baada ya bonge, upande mmoja jeupe na upande wa ndani limegeuka manjano kwa joto, akilitia katika mfuko wa koti lake. Alimtazama dada yake. Nilidhani atasema. Alifunga mfuniko.

Alasiri Mayu Nyanzobe alikuja kama kawaida.

"Mwadila, mayu."

Mama aliendelea kuchekecha unga. Yule bibi akarudia salamu, taratibu zaidi, kama anayedhani amesema vibaya. Kwetu, asiyeitikiwa salamu ameambiwa kila kitu.

"Mgonjwa wenu?" aliuliza. Mama aliongeza unga kwenye chekeche.

Baada ya hapo tulikuta nyumba yake imefungwa, meko yamefagiliwa, chungu kimepinduliwa mdomo chini. Wengine walisema yuko Sola kwa ndugu zake. Wengine walisema jambo jingine, wakishusha sauti. Mimi sisemi, kwa kuwa sijui. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda Sola kuuliza. Hakuna aliyemfahamu.

Shuleni, mwalimu wa kilimo alitufundisha kwamba kifaranga anayekaribia kutoka huanza kuvuta pumzi, na hewa ikikosekana hufa mlangoni. Niliweka kalamu chini. Lakini suala la pamba lilikuwa jepesi. Lililonichukua miaka ni mfuko wa koti. Baba hakuhitaji mwalimu. Alijua siku ileile, na kumtetea jirani kulimaanisha kumshtaki dada yake mbele ya uwanja uliojaa watu wenye hasira. Alichagua.

Alipofariki tuligawana nguo zake, nami nikapewa lile koti. Mfuko wa kulia umeshonwa mdomo kwa uzi mweusi, mishono midogo ya mkono usiozoea sindano. Maisha yangu yote nimedai ushahidi kwa kila neno ninaloambiwa, na mkasi upo mezani. Mfuko nimeubonyeza tu kwa kidole. Ndani kuna kitu laini.