Picha ya Mama Juu ya Ngazi

Juzi nilikwenda kwenye taasisi moja ya utafiti na mafunzo ya sola, huku kwetu Meru, kuuliza kama wanapokea mwanafunzi mwenye mtoto mchanga. Nikaambiwa ningoje uani.

Wanafunzi walikuwa juu ya paa wakifunga paneli. Mwanamke alikuwa mmoja tu, mkulima wa viazi kutoka Kibirichia, naye alikuwa chini ameshikilia ngazi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hata leo sipandi?"

"Mama, ukianguka nitamwambia nini mzee wako? Wewe shika ngazi."

Vijana wakacheka kule juu.

Mara wageni wakaingia na kamera. Mwalimu akavua kofia yake ngumu, akamvisha yule mama.

"Panda haraka! Shika hiyo spana. Sasa tabasamu!"

Akapanda, akapigwa picha. Aliponyoosha mkono kugusa nyaya, akaambiwa, "Basi mama, shuka."

Mwalimu akanigeukia. "Umeona, dada? Hapa hata akina mama wanapanda."

Nilimjibu kwamba nimeona. Sikuthubutu kuongeza kwamba alipopanda, hakuna aliyemshikia ngazi.