Pikapu ya Petroli ya Verla Tibbets

Kule Mackley, Idaho, ukiiba kuku wa jirani utasamehewa kabla ya Jumapili. Lakini nunua pikapu ya petroli ya kuvutia karavani, ile nyumba ya magurudumu, uone. Wanaume wa huko huzaliwa wakinuka dizeli. Ukitaka kuwagombanisha ndugu wawili waliokula sahani moja tangu utotoni, waulize tu injini ipi inafaa mlimani, kisha vuta kiti ukae pembeni, ule karanga zako.

Sasa aliyewatia kichaa watu hawa ni mjane mmoja, Verla Tibbets, dereva mstaafu wa basi la shule, mwanamke mfupi mwenye mikono ya seremala na shingo isiyogeuka akishaamua jambo.

Mumewe, Orrin, alimwachia karavani ya familia na pikapu ya dizeli ya kuivuta. Pikapu nayo ikamfuata mwenyewe kabla nyasi hazijaota kaburini. Fundi aliifungua injini, akatikisa kichwa kama daktari, akasema heri kununua nyingine. Karavani ikabaki uani, imekaa kama mke aliyeachwa kituoni.

Na karavani ile si kitu cha kuachwa. Kila Novemba, msimu wa kuwinda kulungu wakubwa unapofunguliwa, ukoo mzima wa Tibbets hupiga kambi juu ya mlima wanaouita Farasi Mfu. Karavani ndiyo jiko, ndiyo baraza. Na desturi yao haina mjadala: aliyeipandisha ndiye mkuu wa kambi. Ndiye anayewasha jiko la kwanza na kupanga nani alale wapi. Miaka yote mkuu alikuwa Orrin. Sasa kiti kilikuwa wazi, na mdogo wake, Lyle, alikuwa ameshakipimia matako.

"Shemeji," alisema Lyle siku moja, mdomo umejaa pai ya tufaha aliyoipika Verla mwenyewe, "usijisumbue. Mimi nitaivuta kwa dizeli yangu. Wewe utakaa kando yangu, utafuma soksi."

"Mimi sifumi soksi, Lyle."

"Basi utaimba. Mlima ule si wa wanawake, wala si wa petroli."

"Nimepandisha watoto wa watu pale kwa basi, na theluji ilikuwa mpaka kwenye vioo. Kati yao walikuwamo wanao, wakitapika."

Lyle akacheka, akaramba uma. "Haya, tufanye hivi. Ukiipandisha mwenyewe mwaka huu, nakuita mkuu mbele ya ukoo wote. Ukikwama, karavani inahamia uani kwangu, na neno lisirudi tena."

Verla akaichukua sahani ya pai iliyokuwa mbele ya Lyle, akaifunika. "Nimekubali. Na pai imekwisha."

Kuanzia hapo kila mwenye kofia alikuwa na ushauri. Dizeli ina nguvu ya ng'ombe. Dizeli inadumu mpaka kwa wajukuu. Ile karavani ni nzito, petroli itakufa njiani. Verla akamuuliza kila mmoja: nzito kiasi gani? Kila mmoja alikuwa na jibu lake, maana katika maisha yao hakuna aliyewahi kuipima. Unaipimaje? Ni kama kumpima mama mkwe.

Verla akaipakia kila kitu cha kambi: maji, viazi, sufuria za chuma, mpaka godoro la Lyle. Akamwomba jirani aivute hadi kwenye ghala la ngano, akaipandisha kwenye mizani ya malori. Ikawa nyepesi kuliko porojo za mji mzima. Akakaa, akaufikiria mwaka wake ulivyo. Mlimani anapanda mara moja. Siku nyingine zote anakwenda posta, kanisani, na kununua chakula cha kuku, safari fupi ambazo injini ya dizeli haipati hata joto la kuunguza masizi yanayoiziba. Baridi ikija, dizeli inataka kuchomekwa umeme usiku kucha ili injini isipoe, kama mgonjwa mahututi. Kuvuta, ndiyo, dizeli inavuta vizuri zaidi, na Verla hakulipinga hilo. Alikataa tu kulisha tembo mwaka mzima kwa ajili ya gogo moja.

Akanunua petroli. Nyekundu. Lyle alipoiona aliizunguka akiinusa.

"Hii unakatia nyasi, shemeji?"

"Nyasi na vichwa vya wabishi."

"Sawa. Siku yenyewe nitakusubiri chini ya mlima. Ndoano nimeshaipaka grisi." Akapigapiga tangi kubwa la ziada nyuma ya pikapu yake. "Nimetoka Arizona kwa binti yangu, nimelijaza kule. Mafuta ya bei ya kuchekesha. Nina ya kukuvuta wewe mpaka Kanada."

Siku ikafika, na baridi ikafika nayo, ile ya kugandisha kope. Verla akaunganisha karavani, akapiga teke kila gurudumu, akaondoka. Chini ya Farasi Mfu alimkuta Lyle, kama alivyoahidi. Boneti iko juu, kichwa kiko ndani, matusi yanatoka kama mvuke.

Alikuwa ameiacha injini ikinguruma huku akimsubiri shemeji yake akwame. Ile dizeli ya nchi ya joto, isiyochanganywa kwa ajili ya baridi, ikaganda tangini kama mafuta ya nazi. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Verla akashusha kioo. "Shemeji, uliniahidi kunivuta."

"Ni chujio la mafuta tu. Jua likitoka litayeyuka."

"Jua la mwezi wa nne? Panda, masikio yako yamekuwa bluu."

Lyle akapanda. Wakaanza kupanda mlima, na kusema kweli, petroli ilipiga kelele kama mbuzi aliyeshikwa mguu, na mshale wa tangi ukashuka huku wakiutazama.

"Yangu ingepanda hapa huku ikisinzia," alisema Lyle.

"Nimeona. Imeshasinzia."

Katikati ya mlima, penye mwinuko mkali kuliko wote, lori la magogo lilikuwa limesimama, dereva wake akifunga minyororo kwenye magurudumu. Hapakuwa na nafasi ya kupita. Verla akasimama. Dereva alipomaliza na kuondoka, Verla akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, karavani ikaivuta pikapu nyuma, taratibu, kuelekea bondeni.

"Ndiyo hapo," alisema Lyle, na sauti haikuwa ya utani. "Verla, acha. Tutaomba msaada. Hakuna aibu."

Verla alikanyaga breki. Aliitazama barabara kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyekataa kukaa kitini. Akaweka magurudumu yote manne yavute, akatia gia ya chini kabisa, akaachia breki kidogo kidogo na kugusa mafuta kama anayegusa chungu cha moto. Pikapu ikatetemeka. Changarawe ikalia. Lyle alikuwa anakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote.

"Shemeji, huko hakuna pedali."

Magurudumu yakang'ata. Pikapu ikasogea mwendo wa kobe, kisha wa mtu, kisha wa mtu mwenye haraka, na misonobari ikaanza kurudi nyuma moja moja mpaka mbingu ikafunguka juu yao.

Ukoo ulikuwa unasubiri karibu na moto. Walipomwona Lyle anashuka upande wa abiria, kicheko kikapasuka mpaka kunguru wakaruka.

"Bila uzito wangu magurudumu yasingeshika!" alipaza sauti. "Semeni ukweli, nimesaidia!"

"Sema kingine ulichoahidi," alisema Verla, tayari na kiberiti mkononi.

Lyle akavua kofia. Akatazama viatu. "Mkuu wa kambi," akasema, "ni Verla."

Verla akawasha jiko, akateleka sufuria ya maharage na pilipili, akapanga vitanda. Lyle alipewa ile meza ya kulia inayokunjuliwa kuwa kitanda, fupi, miguu inaning'inia mlangoni.

"Shemeji, hapa nitaganda!"

"Ndiyo maana nimekuwekea soksi," alisema Verla. "Sikufuma. Nimenunua."