Nyumba Iliyokwenda Shamba

Ilikuwa nyundo. Si nyundo kwa maana ya jumla, bali nyundo juu ya bati: pigo moja, kimya cha kutafuta msumari mwingine, kisha mapigo matatu ya haraka. Nilikuwa nanywa chai uani kwa mwenye nyumba wangu, mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, na chai hiyo ikaniishia mapajani. Sababu ilikuwa moja tu. Sauti ilitoka kwenye nyumba ambayo mimi mwenyewe, mwezi wa pili, nilikuwa nimeithibitisha kwa maandishi kuwa imekufa.

Inanibidi nieleze. Katikati ya miaka ya tisini nilikuja Mpanda kufanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu namna serikali inavyotwaa viwanja vilivyotelekezwa na kuvigawa upya kwa watu wanaovihitaji. Bwana ardhi alikuwa na rundo la barua za waombaji wa viwanja, lakini hakuwa na mtu wa kwenda kuangalia ni viwanja vipi vimelala bila mtu. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kuazima na fomu ya kurasa nne niliyoibuni mwenyewe, ambayo msimamizi wangu chuoni aliisifu. Tulipendana kikazi papo hapo. Nilimkabidhi orodha ya nyumba kumi na moja. Kila moja haikuwa na paa, haikuwa na mlango, wala haikuwa na jivu la karibuni jikoni. Kwangu mimi, niliyekulia Morogoro, nyumba ya namna hiyo haihitaji daktari wa pili.

Nyumba namba nne ndiyo iliyokuwa inagongwa nyundo.

Nilikaa nikichambua uwezekano. Wezi? Mwizi anayepigilia mabati badala ya kuyang'oa hakuwamo katika kitabu chochote nilichokisoma. Mvamizi? Mvamizi angeanza na mlango. Nilipomaliza uchambuzi, chai iliyobaki ilikuwa imepoa na nyundo ilikuwa imeshahamia upande wa pili wa paa. Nikachukua fomu yangu, nikaenda.

Juu alikuwepo mwanamume wa makamo, misumari imejaa mdomoni. Chini alikuwepo mkewe, Msukuma aliyejengeka, anashusha mizigo kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nikapiga hodi, ingawa sikujua ninapiga hodi wapi.

"Karibu, karibu," alisema mama. "Kaa hapo juu ya mlango."

Mlango ulikuwa umelazwa juu ya matofali. Nikaukalia.

"Shikamoo, mayu," nilisema; hilo "mayu", yaani mama, ndilo lilikuwa Kisukuma changu chote. "Nyie mmehamia lini?"

"Marahaba. Kuhamia? Sisi tumerudi. Wewe ndiye nakuona mgeni."

"Lakini nyumba hii ilikuwa haina paa."

"Ingekuwaje na paa? Paa lilikuwa shambani Magamba na sisi, linavuna."

Mumewe alitema misumari kiganjani ili acheke vizuri. "Msomi anauliza paa lilikuwa wapi! Muulize na wewe, kwao wakienda shamba mabati wanamwachia nani?"

Nikaelezwa taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Walikuwa na nyumba mbili na paa moja. Mvua zikikaribia, mabati na mlango hupakiwa mkokoteni na kwenda shamba kufunika mahindi na watoto; mavuno yakiisha, hurudi mjini. Ukiyaacha juu ya nyumba isiyo na mtu, ukirudi hukuti hata msumari. Mlango hutumika kama kitanda njiani.

"Na kuta?" niliuliza. "Mvua haziharibu?"

"Kwani hukuona nyasi?"

Niliziona. Niliziandika. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wangu mzuri: *majani yameota juu ya kuta, dalili ya uchakavu wa muda mrefu*. Hayakuwa yameota. Yalikuwa mafungu ya nyasi yaliyofumwa kwa mkono na kukandamizwa kwa mawe, ukuta hadi ukuta, kazi ya siku mbili. Nilikuwa nimeipima kwa futi kamba.

Kisha mama akatoa karatasi kwenye upindo wa khanga. "Hii tumeikuta imebandikwa hapo ukutani. Inasema tumetelekeza. Kiwanja kinachukuliwa, apewe mwingine. Tuna barua ya toleo, tumelipa kila kitu, mume wangu kafyatua kila tofali unaloliona. Nani kaenda kuandika kwamba hatupo?"

"Ofisi," nilisema.

Ofisi ni neno zuri sana. Halina uso, wala halijakalia mlango wa mtu.

"Basi huyo ofisi ukikutana naye mwambie aje atushikie bati," alisema. "Na wewe simama, shika hapo pembeni."

Nikashika bati hadi saa sita mchana. Sijawahi kuadhibiwa kwa ukarimu kiasi kile; walinipa na maziwa mgando.

Bwana ardhi alinisikiliza hadi mwisho, uso ukimshuka kidogo kidogo. "Dada, faili limetoka mezani kwangu bila kusukumwa, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Leo unataka lirudi?"

"Lina kosa."

"Liko mkoani, Sumbawanga. Kikao ni kesho kutwa. Wakipitisha, kiwanja kimekwenda, na waombaji wanasubiri. Barua haitawahi. Piga simu."

"Kwa nini usipige wewe?"

"Nikipiga mimi, watasema nimekula ng'ombe wa Msukuma. Ukipiga wewe, watasema umekosea tu. Kukosea hakuna kesi."

Kwake hakukuwa na kesi. Kwangu kulikuwa na sura ya nne yote ya tasnifu. Nikiiondoa namba nne, itanibidi nieleze kwa nini. Nikieleza, zile kumi nyingine zimesimama juu ya nini? Jioni hiyo niliandika maelezo ya kusoma kwenye simu, matoleo matatu, yote yakianza na "kufuatia uhakiki wa ziada". La tatu lilikuwa na tanbihi.

Asubuhi nilisimama kwenye foleni ya simu pale posta, nyuma ya watu saba. Laini ya Sumbawanga ilikuwa na upepo ndani yake. Nilipompata ofisa, nikaanza kusoma.

"Kufuatia uhakiki wa zi—"

"Nini?"

"Uhakiki wa ziada umebaini—"

"Sikusikii! Sema kwa kifupi!"

Nikaikunja karatasi.

"Orodha ya Mpanda!" nilipaza sauti. "Ina makosa! Nyumba zina watu!"

"Mbona imeandikwa hazina paa?"

"Paa lilikuwa shamba!"

"Lilikuwa wapi?"

"Shamba!" foleni nzima ilinisaidia, na mzee mmoja akaongeza, "Huyu ni wa wapi, hajui watu wanakwenda na bati?"

Upande wa pili kalamu iligongwa mezani.

"Sasa nani aliandika kwamba hazina watu?"

Neno lile zuri lilinijia mdomoni, tayari kabisa.

"Mimi."

"Nani?"

"Mimi! Niliandika mimi!"

"Huyu binti kaua nyumba ngapi?" mtu aliuliza nyuma yangu.

"Haya," alisema ofisa. "Tunaitoa ipi?"

"Zote," nilisema. "Irudisheni orodha yote."