Mashine Iliniambia Niangalie Tena

Kosa ni langu. Mwanzoni nilisema ni la mashine. Nilimwambia hivyo mkubwa wangu, nikawaambia polisi, hata mchungaji wangu nilimdanganya. Leo nasema ukweli, na nashukuru kwamba jina langu halitaandikwa hapa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kakamega mjini. Nilikuwa askari wa kampuni ya ulinzi, nikilinda malango kwenye mechi, matamasha na mikutano ya injili. Mwaka jana tuliletewa kamera za akili mnemba, zile zinazotambua sura. Ukipita langoni, kamera inalinganisha uso wako na picha za watu waliowahi kushikwa wakiiba au kuleta fujo. Mimi nilipewa tableti ya kuonyesha majibu.

Mafunzo yalikuwa ya asubuhi moja. Mwalimu wetu alirudia jambo lile lile mpaka tukamcheka. "Ikiwaka nyekundu, mwite mkubwa wako. Ikiwaka rangi ya machungwa, mashine yenyewe haina hakika. Mwite mtu kando, muulize kitambulisho kwa heshima, umwangalie tena wewe mwenyewe. Na usimtaje mtu mbele ya watu." Niliandika yote kwenye daftari. Siwezi kusema sikuelewa.

Siku hiyo ilikuwa fainali ya mpira ya wasichana wa shule. Jua la saa saba lilikuwa kali, foleni imefika barabarani, na simu mbili zilikuwa zimeshaibiwa. Mkubwa wangu akaniita kwa redio. "Hapo kwako mnalala ama?" Wenzangu wote walisikia. Iliniuma.

Ndipo akafika mwanaume mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, mikono ina makovu ya miwa. Alibeba mfuko wa ndizi mbivu. Tableti ikawaka rangi ya machungwa. Picha iliyotokea ilikuwa ya mtu mwenye alama ya kuungua shavuni. Huyu aliyesimama mbele yangu hakuwa na alama yoyote. Hilo nililiona.

"Simama hapo," nikamwambia. "Mashine inakujua. Wewe ni mwizi wa simu."

"Mama, mimi ni mtu wa Butali," akajibu polepole. "Mimi nakatanga miwa. Msichana wangu anacheza leo, namba saba. Sijaiba kitu ya mtu."

"Wezi wote husema hivyo." Nilisema kwa sauti, nikitaka mkubwa wangu asikie kwamba silali. Kisha nikabonyeza palipoandikwa "Ni yeye."

Foleni ndiyo ilinisikia. Mtu wa kwanza alimvuta shati, wa pili akampiga kofi, na baada ya hapo sikuona tena ni nani anapiga. Nilipiga kelele, "Ngojeni, bado hatujahakikisha!" Nani angenisikiliza? Nilijaribu kupenya nikasukumwa ukutani. Nilibaki pale naona jiwe likipanda na kushukia mkono wa kulia wa yule mwanaume.

Polisi walipowatawanya watu, jirani yake mmoja aliyekuwa kwenye foleni alikuwa ameshakimbia ndani kumwita msichana wake. Msichana alitoka amevaa jezi yake, akapiga magoti kwenye vumbi. "Papa," akasema. Kisha akaniinulia macho. "Amefanya nini?"

Polisi walitoa kitambulisho mfukoni mwake. Jina halikufanana hata herufi moja na lile la kwenye tableti.

Mifupa ya mkono ilivunjika vibaya. Hawezi kushika panga tena. Mimi nilifutwa kazi, na hilo silalamikii.

Baada ya miezi miwili nilijikaza nikaenda kwake kuomba msamaha. Mke wake alinipa kiti. Mzee mwenyewe akaniambia, "Mkono nimezoea. Nitoe tu kwa hiyo mashine."

Sikumwelewa mpaka aliponieleza alichoambiwa na askari wa malango mengine. Nilipobonyeza "Ni yeye," uso wake uliingia kwenye orodha ya wezi. Sasa kamera ikimwona haiwaki machungwa tena, inawaka nyekundu. Alizuiwa kwenye mkutano wa injili akiwa na mke wake. Akazuiwa tena siku msichana wake anapewa zawadi.

Nilikwenda kwa kampuni, wakasema orodha ni ya waandalizi wa mechi. Waandalizi wakasema ni ya kampuni. Mwalimu aliyetufunza kamera aliacha kazi na simu yake haipatikani. Nimeandika barua, nimekula kiapo mbele ya wakili kwamba nilikosea. Kila mtu ananiambia pole mama, tutaangalia. Mpaka leo hakuna aliyeangalia.

Wiki iliyopita shule ya msichana wake ilicheza tena. Nilipita njia ya nyuma ya uwanja nikamkuta yule mzee amesimama nje ya ukuta. Watu wakishangilia ndani, anamuuliza mpita njia, "Ni nani amefunga?"

Wewe unayeshika tableti langoni, nakuomba. Mashine ikisita, na wewe usite. Mwite mtu kando, ongea naye chini chini, muulize jina lake. Usibonyeze kwa sababu una haraka au umetukanwa. Kubonyeza ni mara moja tu. Kufuta nimejaribu mwaka mzima, na bado yumo.